Jinsi Sindano ya Kufumia Ilivyotaka Kupeleka Lori Kusiko na Asali

Wakuu wa ubao, habari za mchana huu wa maharage.

Nimebandika uzi huu karibu na mlango wa bwalo makusudi. Najua foleni ya chakula ilivyo ndefu na hamna la kufanya zaidi ya kusoma.

Nitakayosimulia ni kweli tupu. Nikibainika nimetia chumvi, gaweni nyama yangu ya Jumamosi. Shabani alikuwepo mwanzo mpaka mwisho, muulizeni, ingawa yeye atawasalimia kwanza mpaka ugali upoe.

Kwa wageni wa kidato cha kwanza: mimi ni Ndahani, kidato cha tatu, mchepuo wa biashara. Ni Mgogo wa Dodoma. Serikali ilinipandisha treni nije kusoma Tabora ili taifa liwe moja, na tangu siku hiyo taifa linanicheka.

Desturi ya ubao huu mnaijua. Mmoja anaanzisha uzi, wengine wanaandika pembeni. Matusi ya nguoni hapana, picha za viranja wakiwa na masikio ya punda hapana (ile ya mwezi jana haikuwa yangu, msanii aliikosea sana mistari ya mkia).

Twende.

Mwalimu Zuhura mnamjua. Ni mtoto wa hapa hapa mjini, baba yake fundi cherehani kule sokoni. Mwaka huu alirudi kutoka kozi Dar es Salaam na vitu viwili, miwani mipya na somo jipya.

Somo lenyewe linaitwa Utunzaji na Matumizi ya Taarifa katika Maamuzi ya Biashara. Ukilitamka lote, kengele inagonga kabla hujafika kwenye biashara. Sisi tukaliita Kadi na Sindano, na mtaona kwa nini.

Siku ya kwanza aliingia na boksi la sabuni lililokatwakatwa vipande vya ukubwa wa kiganja. Kila kipande kilikuwa kimetobolewa matundu pembeni, mstari mmoja. Mkono wa pili alishika sindano ya kufumia sweta.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, sisi wavulana tutafuma soksi au tutaanza na kofia?"

"Ndahani, wewe utaanza na kufagia darasa. Kaa."

Halafu akatueleza. Kadi moja ni kaya moja. Kila tundu ni swali. Jibu likiwa ndiyo, unachukua mkasi unakata lile tundu mpaka ukingoni, linakuwa kama pengo la jino. Jibu likiwa hapana, unaliacha tundu lilivyo.

Ukimaliza, unazipanga kadi zote kama karata, unapitisha sindano kwenye tundu la swali unalotaka, unainua, unatikisa. Zenye pengo zinadondoka mezani. Zisizo na pengo zinabaki zikining'inia.

Basi. Hapo hapo umejua kaya zipi zina jibu la ndiyo, bila kufunua daftari hata moja.

Jamani, mimi huwa sishangai darasani, ni kanuni yangu. Siku hiyo nilishangaa.

Mwalimu akasema, "Meneja anayeamua kwa kufuata kelele hana tofauti na mpishi anayeonja mchuzi kwa sikio. Taarifa ikusanywe, ipangwe, iulizwe, ndipo uamuzi utoke."

Sasa uamuzi wenyewe ulikuwepo, unatusubiri.

Kuna ushirika mmoja wa asali hapa mjini, sitautaja, na una Katibu wake, naye sitamtaja. Nitasema tu huvaa suruali ya bugaluu, pana huku chini, na viatu vya raizoni vyenye soli ndefu, na akitembea unasikia kwanza viatu kisha unamwona mtu. Nitamwita Ndugu Katibu.

Ushirika ulikuwa na lori moja zima. Lingine lilikuwa limekaa juu ya mawe, matairi yake yameenda kusikojulikana.

Na kulikuwa na vijiji viwili vya ujamaa kule mbele ya Ipole, kimoja kinaitwa Tupendane na kingine Azimio. Njia inagawanyika, huku Tupendane, huku Azimio. Mvua zikianza, njia zote mbili zinameza magari. Mawingu yalishaanza kujipanga, kwa hiyo lori lilikuwa na nafasi ya kwenda kijiji kimoja tu. Kingine kingekaa na asali yake mpaka kiangazi, au kiwape walanguzi kwa bei ya kutupa.

Miaka yote Ndugu Katibu alikuwa anaamua kwa kuangalia mwenyekiti gani wa kijiji amekuja kupiga kelele zaidi ofisini kwake. Mwalimu Zuhura akamwendea, akamwambia, "Nipe wanafunzi wangu fursa. Tutakuletea jibu lenye ushahidi."

Ndugu Katibu akakubali. Nadhani alikubali kwa sababu ya miwani.

Shabani na mimi tukapangiwa Tupendane. Wenzetu wengine wakapangiwa Azimio. Tukapewa lifti na lori la tumbaku, tukakaa nyuma juu ya magunia matupu, tukapiga chafya mpaka Ipole.

Sheria ya Mwalimu ilikuwa moja: andika unachojibiwa, usiandike unachodhani.

Wakuu, Shabani ni kijana wa mjini, watu wa vibarazani, adabu yake imefuliwa ikapigwa pasi. Akimwamkia mtu mzima, unaweza kwenda kuoga ukarudi.

Tulianza kwa Mzee Maganga, kiongozi wa warina asali wa pale.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Habari za hapa? Za kazi? Za mama? Za watoto? Za mizinga?"

"Ah, mizinga... tunaisukuma tu."

"Asali mwaka huu mmepata nyingi?"

Mzee akatazama chini, akafuta goti lake kwa kiganja. "Kidogo tu, mwanangu. Kidogo."

Shabani akaandika: hapana.

Sasa sikilizeni. Wakati mzee anasema kidogo, mkewe, Mama Kalunde, alikuwa ametuwekea bakuli la asali na masega yake, la kumzamisha mbuzi. Kando kulikuwa na mtungi wa wanzuki, pombe ya asali, unatoa povu. Watoto watatu walipita, mashavu yao yananata, mmoja ana nzi wake wa kudumu.

Nikamnong'oneza Shabani, "Na hii tunayokula ni nini?"

"Hii haimo kwenye maswali," akanijibu, akameza.

Nyumba ya pili: kidogo. Ya tatu: tumeambulia kidogo. Ya nne, mama mmoja akasema Mungu hakujalia, huku anafukuza nyuki kwenye kanga yake.

Tukamaliza kijiji kizima. Kadi zetu zilirudi Tabora na matundu yake salama, hakuna lililokatwa kwenye swali la asali. Mkasi haukupata hata joto.

Naishia hapa kwanza, ugali umefika. Ukurasa wa pili nitabandika kesho kama kiranja wa bwalo hatakuwa ameubandua huu.

UKURASA WA PILI

Nimesoma mliyoandika pembeni. Wewe wa kalamu nyekundu unayesema "fupisha", ungekuwa unafupisha na sala zako tungewahi kulala. Wewe uliyeuliza kama asali ilikuwa tamu: ndiyo. Na wewe uliyeandika "muongo huyu, sindano haiwezi kuchagua kadi", njoo darasani kwetu, ila nawa mikono kwanza.

Tunaendelea.

Siku ya kutikisa kadi Ndugu Katibu alikuja mwenyewe. Mwalimu akapanga kadi za vijiji vyote viwili pamoja, akapitisha sindano kwenye tundu la asali tayari ghalani, akainua, akatikisa.

Zikadondoka kama mvua ya mawe.

Zote za Azimio.

Za Tupendane zilibaki kwenye sindano zinaning'inia kama popo, hakuna iliyotikisika.

"Haya ndiyo mambo ninayoyataka!" Ndugu Katibu akasema, raizoni zikapiga sakafu. "Lori linakwenda Azimio. Sayansi imesema." Akaondoka kwenda kupiga mhuri.

Darasa likapiga makofi. Mwalimu akatabasamu. Mimi nikanusa vidole vyangu.

Nikanyoosha mkono.

"Ndahani, kama ni soksi tena..."

"Si soksi, Mwalimu. Hawa watu wa kidogo walinilisha asali mpaka usiku nikaota nina mabawa."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alishusha miwani mpaka kwenye pua.

"Shabani. Ulimuulizaje mzee?"

Shabani akasimama wima. "Nilimwamkia, Mwalimu, nikamuuliza kama wamepata asali nyingi."

"Akasema?"

"Kidogo tu."

Mwalimu Zuhura akajipiga paji la uso kwa kile kiganja chenye sindano, bahati sindano ilielekea juu.

"Mimi na kuzaliwa kwangu Tabora! Ni nani kati yenu aliyewahi kumsikia mzee wa Kinyamwezi akimwambia mgeni mwenye karatasi kwamba ghala lake limejaa? Hata baba yangu, cherehani zake zote zinalia, wateja wamejazana barazani, ukimuuliza habari za kazi anakwambia tunahangaika. Ni adabu! Anayejisifia mali anaonekana hana malezi."

Msichana mmoja wa kundi la Azimio akasema, "Lakini Mwalimu, kule walijibu sana, tena walipiga makofi."

"Wale ni akina nani?"

"Wamehamia karibuni kutoka upande wa Nzega. Walikuwa wakulima wa pamba. Wanasema kila wiki wanatembelewa na wageni wa ofisini wanaouliza, mmefanikiwa?"

"Na wamejifunza kujibu sana."

"Ndiyo, Mwalimu. Mwenyekiti anaanza, wengine wanaitikia."

Hapo ndipo nilipolielewa somo, wakuu, na halikuwa kwenye notisi. Kijiji kimoja kinajibu kidogo kwa adabu, kingine kinajibu sana kwa mazoea, na sisi tumekaa katikati na mkasi tunakata heshima za watu.

Mwalimu akaenda kwa Ndugu Katibu kuomba lori lisitoke kwanza. Akapewa mpaka Ijumaa. Ijumaa lori linawasha moto, jibu liwepo lisiwepo.

Tukatumwa tena, kundi lile lile kila upande, na kadi mpya ambazo hazijakatwa, kwa sheria mpya. "Safari hii msikate kwa neno," alisema. "Kateni kwa macho. Debe la asali mlione ndipo mkate."

Vizuri kusema. Sasa nani atakufungulia ghala lake, wewe mgeni mwenye karatasi?

Tulifika Tupendane asubuhi. Tukaamkiana kwa Kinyamwezi, mwangaluka, mwangaluka, tukakaribishwa. Shabani akaanza ibada yake. Alipofika mwisho akasema, "Baba, kama si usumbufu, tunaomba kuona ghala."

"La nini, mwanangu?" Mzee Maganga akasema kwa upole. "Mna panya tu mle."

"Kidogo tutazame..."

"Kidogo ndiyo hiyo niliyokwambia."

Tulizunguka nyumba nyingine, ni panya kila mahali. Kwa maelezo yao, Tupendane kilikuwa kijiji cha ujamaa cha panya. Tukarudi kwa Mzee Maganga tumechoka. Shabani alikuwa anakaribia kulia kwa adabu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nakula, maana bakuli lilikuwa limerudi.

Mzee akanitazama. "Na huyu mwenzako asiyechoka kutafuna, kwao wapi?"

Shabani akajibu, "Dodoma, baba. Ni Mgogo."

Wakuu, mzee yule alisimama kama aliyekalia nyuki.

"MGOGO?"

"Ndiyo, babu," nikasema, mdomo umejaa.

"Mgogo amekaa kwangu mara ya pili, ananilia asali kimya kimya, nami namwita mwanangu! Mama Kalunde! Njoo uone, kumbe tumefuga mtani!"

Kwa mliotoka pande ambazo utani haujafika: enzi za misafara, babu zao Wanyamwezi walikuwa wanapita kwetu Ugogo na mizigo begani kwenda pwani. Walipigana na babu zetu, wakanywa maji yetu, wakauguzana, wakazikana. Mwisho wakawa watani. Mtani anaruhusiwa kukutukana, kukunyang'anya, kukumwagia maji msibani, nawe ukikasirika wewe ndiye mjinga.

Mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nina silaha hiyo. Nilikuwa naitumia shuleni kumwambia mpishi ugali wake ni tofali.

"Toa viatu!" mzee akasema.

"Babu..."

"Toa! Mgogo kuvaa viatu ni kuvitesa viatu."

Nikavua, nikampa. (Mnaoniuliza kwa nini naenda paredi na ndala, jibu ndilo hilo. Viatu bado viko Tupendane, na nasikia vinakwenda kanisani.)

Nikasimama peku mbele yake, nikasema, "Vichukue. Babu yako alipita kwetu na pembe ya tembo begani, peku, analilia maji. Angalau mjukuu wake naye aonje kiatu."

Watu walianza kusogea. Mtoto mmoja alikimbia kwenda kuwaita wengine.

"Tulilipia maji yenu!" mzee akanguruma.

"Mlilipia wapi? Mlilia mpaka tukawaonea huruma. Na leo nimekuja kwenu nikiambiwa nitaona warina asali. Nimezunguka kijiji kizima, nyumba hii kidogo, nyumba ile panya. Semeni tu ukweli. Kwenye mizinga yenu mmefuga buibui!"

"Buibui?"

"Buibui. Na mjusi mmoja, ndiye mlinzi."

Watu wakaangua kicheko, bibi mmoja akakaa chini kabisa. Mzee Maganga hakucheka. Mshipa wa shingo ulimsimama.

"Funguo! Mama Kalunde, lete funguo za ghala!"

Mama Kalunde akamvuta kanzu. "Baba Kalunde, hawa watu wana karatasi."

"Huyu si mtu, ni Mgogo! Lete funguo!"

Mlango ukafunguliwa. Harufu ilitoka kwanza, ikatusukuma. Madebe, wakuu. Madebe juu ya madebe mpaka kwenye mapaa, na vibuyu vimejazwa kwenye nafasi zilizobaki, na nta imerundikwa pembeni kama matofali ya njano.

"Buibui ni wapi hapo?" mzee akaniuliza. "Nionyeshe buibui!"

"Naona wamejificha nyuma ya madebe," nikasema.

Shabani alikuwa amepigwa na butwaa, mkasi mkononi.

"Kata," nikamwambia.

Akakata.

Basi kuanzia hapo kazi ikawa sherehe. Nilikwenda nyumba hadi nyumba, peku, na nusu ya kijiji nyuma yangu. Mlangoni natukana, ndani wanafungua, Shabani anachungulia anakata. Mama mmoja nilimwambia asali yake imetengenezwa kwa maji ya mua. Akanimwagia kata nzima ya maji kichwani, kisha akafungua mlango kwa teke.

"Pole, ndugu yangu," Shabani akaninong'oneza.

"Kata, Shabani, usiniombolezee."

Msidhani tulikubali kila tulichoambiwa. Utani ulipopamba moto, adabu ya kidogo ilikufa ikazaliwa majigambo. Jamaa mmoja alinishika shati akapiga kifua, "Kwangu mimi debe mia! Nenda Ugogo kawaambie, debe mia!" Tukaingia. Nyuma ya mlango kulikuwa na debe moja, tena limefika nusu, na kuku amelalia mayai pembeni.

"Hayo mengine?"

"Yamekwenda kutembea," akasema, akacheka mwenyewe.

Shabani alirudisha mkasi mfukoni. Utani ulitufungulia milango, ila kilichokata kadi ni macho. Hapo ndipo nilipomheshimu Mwalimu Zuhura kwa mara ya kwanza bila kulazimishwa.

Tulipokuwa tunamaliza, Mzee Maganga alinishika mkono akanipeleka nyuma ya kijiji. Shabani akatufuata. Kulikuwa na darasa. Kuta nne za matofali ya udongo, zimenyooka, madirisha yameachwa vizuri, ubao wa kuandikia umepakwa masizi tayari. Juu hakuna kitu. Unaona mbingu, na mbingu ilikuwa inatia weusi upande wa magharibi.

"Tumeyafyatua matofali wenyewe, wanaume kwa wanawake," akasema. "Tukakubaliana asali yote ya mwaka huu iwe mabati. Mvua ikilitangulia lori, hili lote linarudi kuwa tope. Na mwakani sijui kama watu watakubali kufyatua tena."

Nikapitisha kiganja kwenye ukuta, udongo ukanibaki vidoleni. 

"Mtani," akasema, "hapa sikutanii."

"Najua, babu."

UKURASA WA TATU, na ndio wa mwisho, tulieni.

Aliyechora pembeni picha yangu nimevaa ndala: masikio umeyapatia.

Alhamisi jioni makundi yote yalikuwa yamerudi. Kundi la Azimio walisema walipoomba kuonyeshwa, mwenyekiti aliwapeleka porini kwa fahari kubwa. Mizinga ilikuwa mingi kweli, mipya, imetundikwa kwenye miti kwa mstari mzuri kama gwaride. Nyuki ndio walikuwa hawajahamia. Wenyewe wanasubiri.

Si waongo wale watu. Waliulizwa mmefanikiwa, na kwa mtu aliyekuwa analima pamba mwaka juzi, kutundika mizinga yote ile ni kufanikiwa.

Ijumaa asubuhi Mwalimu, Shabani na mimi tukawa ofisini kwa Ndugu Katibu kabla hajafika. Lori lilikuwa nje limeshawashwa, dereva anapiga honi kwa uchovu.

Ndugu Katibu akaingia. Kaa kaa kaa, raizoni.

"Nyie tena?"

 Mwalimu alipanga kadi mezani, akapitisha sindano, akatikisa. Safari hii zilizodondoka ni za Tupendane, karibu zote, na za Azimio zikabaki juu.

Ndugu Katibu akazitazama, akamtazama Mwalimu. "Kwa hiyo wiki iliyopita hii sindano ilikuwa imelala?"

"Sindano inadondosha ulichokata, Ndugu Katibu. Mara ya kwanza tulikata maneno. Hii tumekata tulichokiona."

"Mimi nimeshawaandikia Azimio kwamba lori linakwenda kwao! Mhuri umepigwa!"

"Lori likienda Azimio litapakia mizinga mitupu. Na Tupendane asali itabaki, na darasa lao litaanguka. Mhuri huo utasema nini hapo?"

Akakuna kidevu. Akanigeukia mimi, sijui kwa nini watu wakubwa wakikwama hunigeukia mimi.

"Wewe kijana, umeiona hiyo asali kwa macho yako?"

"Nimeiona, ndugu, na nimelipa viatu."

"Lori likirudi tupu?"

Nilifungua mdomo nimtanie, Mwalimu akanikanyaga. Akasema yeye, taratibu, "Likirudi tupu, nitalirudisha somo langu Dar es Salaam na sitalifundisha tena. Uamuzi ni wako. Kazi yetu ni kukuwekea mezani kilichopo."

Hapo nikatishika kidogo. Sikujua kama kaweka somo lake zima rehani kwa ajili ya mkasi wa Shabani na mdomo wangu.

Ndugu Katibu akasimama dirishani, akatazama mawingu. Akamwita dereva. "Tupendane."

Tulisubiri Jumamosi nzima. Mwalimu alikuja shuleni akiwa na ufumaji wake, akawa anafuma na kufumua, anafuma na kufumua. Shabani aliswali sala zote na mojawapo nadhani aliirudia. Mimi nilikuwa nachungulia barabara na kusema mambo ya kuchekesha ambayo hakuna aliyeyacheka.

Jumapili mchana lori likaingia mjini. Tukakimbia mpaka kwenye uwanja wa ushirika. Lilikuwa limekaa chini kwa uzito, springi zinalia, madebe yamefungwa kamba mpaka juu ya kichwa cha dereva. Na dereva alikuwa amefunga vioo vyote, jasho linamchuruzika, anatupungia mkono.

Tukadhani anatusalimu.

Ndugu Katibu akatoka ofisini amevaa bugaluu mpya, mikono ameikunjua kama anayempokea waziri. "Karibuni asali ya ujamaa!" akasema, akasogea.

Dereva alikuwa anapunga kusema kimbieni. Nyuki wa Tupendane walikuwa wameifuata mali yao mpaka Tabora.

Sitaeleza yote, kuna wakubwa wanasoma ubao huu. Nitasema tu kwamba raizoni hazikutengenezwa kwa mbio, na bugaluu ina nafasi kubwa sana chini kwa nyuki kuingia. Alipotulia, mdomo wa juu ulikuwa umemvimba, akasema kwa shida, "Na nyuki, Mwalimu... mbona nyuki hawakuwepo kwenye kadi?"

Mwalimu Zuhura, aliyekuwa amejifunika kanga yote, akatoa mkono mmoja, akachukua kadi, akaiwekea alama ya tundu jipya.

Asali ilipimwa siku hiyo hiyo, na kwa haki ya Mungu Ndugu Katibu hakuchelewesha. Mabati yakanunuliwa, yakapakiwa kwenye lori lile lile, dereva akageuza. Lilipokuwa linatoka mjini, tone la kwanza lilinipiga puani.

Kisha ikanyesha, wakuu. Mnaikumbuka ile mvua, iliyoingia bweni la pili. Siku nyingi hatukupata habari. Njia ilikatika. Nilikuwa nalala naona zile kuta, na lile dirisha lililonyooka, zinateremka kidogo kidogo kama sabuni. 

Mpaka juzi, lori la tumbaku likapenya kutoka Ipole. Dereva wake alikuja getini akaniulizia kwa jina: yuko wapi yule Mgogo asiye na viatu?

Akasema ametumwa na Mzee Maganga, ujumbe wa mdomo, na ameambiwa aufikishe neno kwa neno. Mzee anasema:

"Mwambieni yule Mgogo, mvua ikinyesha juu ya bati inapiga kelele. Aje asikie, kwao hajawahi kuisikia."

Nilicheka mpaka nikaenda kukaa nyuma ya choo peke yangu kidogo, kwa sababu ya vumbi, lilikuwa limeniingia machoni.

Sasa nilichojifunza, kwa mnaotaka kuondoka na kitu.

Usilaumu sindano kabla hujakagua mkasi, na usilaumu mkasi kabla hujakagua swali. Mtu akikujibu, anakujibu wewe, jinsi ulivyosimama mlangoni kwake, na karatasi yako, na shikamoo yako. Ukitaka kuamua jambo linalogusa paa la watu, jua kwanza wanavyosema mambo yao kwa mgeni. Halafu nenda ukaone.

Na mnaosema mimi sina faida darasani, muulizeni Mwalimu Zuhura. Ameniweka kiongozi wa ukusanyaji wa taarifa, na ameniambia kwa maneno yake, "Mdomo huo tumeupatia kazi."

Haya, uwanja wenu. Kwenu mgeni akiuliza habari za mavuno, za ng'ombe, za biashara, mnamjibuje? Wachaga, Wahaya, Wamakonde, wote andikeni pembeni, tena semeni na dawa ya kuwafungua midomo. Nakusanya, kadi zipo.

Kalamu nimeifunga kwenye msumari. Atakayeondoka nayo, nitakwenda kumtania mpaka kwa bibi yake.